Simba wa Mawe na Meza za Kaloleni: Mjadala wa Kukarabati Maktaba za Nairobi

Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan iko Barabara ya Banda, katikati ya Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia. Mbele yake kuna ngazi pana, nguzo ndefu, na simba wawili wa mawe ambao watoto wanaopelekwa pale na shule huwakumbuka kuliko kitabu chochote. Ina matawi mawili upande wa Eastlands, moja katika mtaa wa Kaloleni na jingine Makadara. Zote tatu ni mali ya Kaunti ya Nairobi, na kwa miaka kadhaa sasa zimezua mjadala ambao miji mingi ya Afrika Mashariki haitaukwepa: jengo la umma lililochakaa litengenezwe vipi, kwa fedha za nani, na kwa matakwa ya nani.

Swali la tatu ndilo zito. Paa linalovuja halina mtetezi. Kila mtu anakubali lizibwe. Ubishi huanza fundi akishashuka kutoka juu ya paa na kuuliza chumba hiki kitakuwa cha nini.

Jengo kuu lilifunguliwa mwaka 1931. Lilijengwa kwa juhudi za Lucie McMillan ili kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, Mmarekani mzaliwa wa St. Louis aliyehamia Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. McMillan alikuwa tajiri, mwenye mwili mkubwa na shamba kubwa zaidi huko Juja, ambako mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyekuwa katika safari ya kuwinda. Alifariki mwaka 1925, na kaburi lake liko kwenye mteremko wa mlima Ol Donyo Sabuk. Shirika la Carnegie la Marekani lilichangia fedha za maktaba, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikaitungia sheria yake yenyewe. Majengo ya Kenya yenye sheria yake peke yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Ila ilikuwa maktaba ya Wazungu. Mwafrika aliweza kuingia kufagia sakafu na kupangusa vumbi kwenye rafu. Kuketi na kufungua kitabu hakuruhusiwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikawekwa chini ya baraza la jiji. Kwa sababu hiyo neno “kurudisha”, linalopendwa sana katika hotuba za uzinduzi, lina mtego ndani yake. Kurudisha hadhi ya zamani ni jambo la kupendeza mpaka mtu aulize zamani ipi. Mzee aliyezaliwa Nairobi kabla ya vita vya pili vya dunia hana zamani ya kurudishiwa pale Barabara ya Banda; kwake yeye maktaba hiyo ilianza siku alipoweza kupanda zile ngazi kama msomaji.

Kaloleni ina historia nyingine kabisa. Nyumba za mtaa huo zilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na sehemu ya kazi ilifanywa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Ni nyumba za chini, zilizopangwa kwa mzunguko na kuachiwa viwanja vya nyasi katikati, kwa mtindo wa miji ya bustani uliokuwa ukisifiwa Uingereza wakati huo. Ukumbi wa mtaa ulikuwa uwanja wa siasa: hapo ndipo wapigania uhuru walipokutana na kubishana, hata watu wakaupachika jina la bunge la Waingereza, House of Commons. Mtaa wenye kumbukumbu za namna hiyo haupokei mgeni mwenye ramani ya ujenzi kwa kupiga makofi tu. Utamuuliza kwanza ametumwa na nani.

Katika miongo ya baada ya uhuru maktaba hizi zilizeeka polepole. Bajeti ya baraza la jiji ilikuwa na madai mengi yenye kelele kuliko maktaba: takataka, maji, barabara, mishahara. Maktaba haipigi kelele. Vitabu vipya vilipungua, paa likaanza kupitisha mvua, na kumbukumbu za thamani zikarundikwa vyumba vya chini bila orodha kamili. Katiba ya mwaka 2010 ilipoyagawa majukumu kati ya serikali kuu na kaunti, maktaba ziliorodheshwa katika Jedwali la Nne miongoni mwa kazi za kaunti, na kaunti mpya zilipoanza kazi mwaka 2013 Nairobi ikairithi McMillan pamoja na nyufa zake.

Hapo ndipo walipojitokeza wanawake wawili kutoka ulimwengu wa vitabu. Angela Wachuka alikuwa ameliongoza shirika la uchapishaji la Kwani Trust. Wanjiru Koinange ni mwandishi wa riwaya. Mwaka 2017 walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka 2018 wakatia saini makubaliano na kaunti ya kuzikarabati maktaba hizo tatu na kuzitafutia fedha. Kaunti ilibaki mwenye mali na mwajiri wa wafanyakazi. Shirika likawa mshirika. Mgawanyo huo ni rahisi kuuandika katika makubaliano. Katika kazi ya kila siku huzaa maswali madogo yasiyoisha: nani aagize rafu, nani ampangie mkutubi zamu, nani ajibu mlango ukivunjwa usiku.

Wengi wangetarajia kazi ianzie kwenye jengo lenye simba, lile linalopigwa picha. Ilianzia Kaloleni na Makadara. Uamuzi huo ulikuwa na hesabu yake: majengo madogo yanagharimu kidogo, makosa yake hayaumizi sana, na wasomaji wake ndio wenye shida ya kweli ya mahali pa kusomea. Zaidi ya hayo, fundi anayejifunza kazi haanzi na shati la bwana harusi. Maktaba hizo mbili zilifunguliwa upya mwanzoni mwa muongo huu, na ile ya Makadara, inayojulikana pia kama Maktaba ya Eastlands, ilikuwa katika ratiba ya Mfalme Charles III wa Uingereza alipozuru Kenya mwaka 2023. Kuwa mjukuu wa kizazi cha watawala waliowafungia Waafrika milango ya McMillan ndiye aliyeletwa kutazama matokeo ya ukarabati ni kinaya ambacho hakikuwapita watu wa Nairobi.

Ili kuuelewa mjadala wenyewe, inafaa kuangalia kwanza ni nani hasa anayeketi ndani ya maktaba za mitaa. Katika mitaa ya Eastlands familia nyingi huishi chumba kimoja au viwili. Mezani panapikiwa, panaliwa, panapigwa pasi; jioni televisheni ya jirani inasikika kana kwamba iko chumbani. Mtahiniwa wa kidato cha nne hatafuti kitabu, kwa sababu kitabu anacho. Anakuja na mkoba uliojaa madaftari na mitihani ya miaka iliyopita iliyotolewa nakala dukani, anaweka daftari moja juu ya kiti kama alama ya kwamba kiti kina mwenyewe, anatoka kunywa maji, anarudi. Anachoazima maktabani ni meza, mwanga na utulivu. Siku nzima huenda asiguse rafu hata moja.

Kwa mkutubi aliyesomea kazi yake, msomaji huyo ni kitendawili. Takwimu za uazimaji hazimwoni, na afisa wa fedha anayeuliza vitabu vingapi vimeazimwa mwezi huu atadhani jengo ni tupu. Mbunifu wa kisasa naye anakuja na mchoro wenye makochi, sehemu ya watoto, kona ya kompyuta na jukwaa la maonyesho, akiamini anakiokoa chumba kilichopooza. Hapo ndipo pande mbili zenye haki zinapogongana. Watoto wadogo wanastahili mahali pa kuimba na kusimuliwa hadithi. Mtahiniwa anastahili kimya. Ukuta mmoja tu unaowatenganisha, tena wa mbao nyembamba, ndio unaoamua kama maktaba mpya itapendwa au italaaniwa. Katika mijadala mingi ya ukarabati, mtahiniwa huyo ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi, kwa sababu hana muda wa kuja mkutanoni. Anasoma.

Baada ya meza kuna suala la rafu, na hili lina kina kuliko linavyoonekana. Maktaba nyingi za umma duniani hupanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Elimu yote ya binadamu inagawanywa katika makundi kumi, kila kundi na nambari zake. Lugha ziko kuanzia 400. Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitaliano 450, Kihispania 460, Kilatini 470, Kigiriki 480. Karibu lugha nyingine zote za dunia, zikiwamo Kichina, Kiarabu na za Afrika, zimebanwa katika 490. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, kinapatikana 496.392. Fasihi ina hali hiyo hiyo: riwaya ya Kiingereza inakaa kwa raha 823, ya Kiswahili inafuatwa mpaka 896.392. Katika dini, Ukristo umepewa sehemu kubwa ya nambari za 200, Uislamu uko 297, na dini za jadi za Kiafrika zimefika 299.6, pembezoni kabisa kabla mlango haujafungwa.

Nambari ni nambari, mtu anaweza kusema. Lakini mtoto wa Kaloleni anayetaka riwaya ya Kiswahili anaiona dunia kwa mpangilio wa rafu. Anapita Kiingereza, Kifaransa, Kilatini ambacho hakuna mtu mtaani anayekizungumza, ndipo afike kwenye lugha aliyomwamkia nayo mama yake asubuhi, rafu ya chini, karibu na choo. Maktaba iliyopakwa rangi upya huku ikiacha mpangilio huo imebadilisha nguo tu.

Wapo wanaotaka mfumo huo uachwe kabisa, vitabu vya Afrika na vya Kiswahili viletwe mbele kwa alama za rangi. Wakutubi wengi wanaukingia kifua mfumo, na hoja yao si ya kubeza. Wamefunzwa kwa Dewey, maktaba nyingine nchini zinatumia Dewey, na orodha iliyobuniwa na mtu mmoja hubaki kichwani mwa mtu huyo akihama kazi. Njia ya kati ipo, nayo haigharimu sana: nambari zinabaki kwenye migongo ya vitabu, ila rafu zinapangwa kwa mpangilio mwingine wa chumba, ili 896 ikutane na msomaji mlangoni. Hakuna sheria inayosema 000 lazima iwe karibu na lango.

Kilichomo ndani ya jengo kuu ni mgogoro wa aina yake. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, McMillan ina zaidi ya vitu 400,000, vikiwamo vitabu, magazeti ya Afrika Mashariki ya tangu enzi za ukoloni, kumbukumbu za bunge na picha. Kuna pia pembe za ndovu na fanicha za enzi za walowezi. Baadhi ya watu wanasema vyote vinavyonuka ukoloni vitolewe, maktaba ianze upya na waandishi wa Kiafrika. Ni kauli yenye uchungu wa haki, ila haifai kutekelezwa. Gazeti la mlowezi lilichapisha matangazo ya ardhi iliyonyang'anywa, majina ya mashamba, bei za vibarua, malalamiko kuhusu wafanyakazi waliotoroka. Mwanahistoria anayetaka kujua ardhi ya babu yake iliondokaje ataupata ushahidi kwenye kurasa hizo hizo. Magazeti yanafaa kuhifadhiwa, kuorodheshwa na kuingizwa katika kompyuta kabla karatasi hazijawa unga. Pembe za ndovu ni jambo jingine. Hakuna msomaji aliyewahi kunufaika nazo.

Upande wa serikali nao una hoja zake, ingawa mara nyingi hutajwa kwa lawama tu. Kaunti inawajibika kwa mali ya umma. Shirika binafsi likipewa funguo, wafadhili wa nje wakileta fedha, na jengo likianza kukodishwa kwa maonyesho na hafla, ni halali kuuliza mapato yanaingia mfuko gani na nani anayakagua. Mashirika kwa upande wao hulalamikia barua zinazokaa mezani miezi mingi. Nairobi ilikuwa mfano mgumu wa jambo hilo. Tangu makubaliano ya mwaka 2018, gavana Mike Sonko aliondolewa madarakani Desemba 2020, baadhi ya majukumu ya kaunti yalikuwa yameshahamishiwa chombo maalumu cha serikali kuu kilichoongozwa na mwanajeshi, Anne Kananu akaapishwa kuwa gavana mwaka 2021, na Johnson Sakaja akachaguliwa mwaka 2022. Kila ofisi mpya ilihitaji kuelezwa upya mambo ambayo ofisi iliyotangulia ilikuwa imeshaelezwa na kukubali. Filamu ya How to Build a Library ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2025, imeifuata safari hiyo kwa miaka, na sehemu zake za kukumbukwa zaidi si za rangi na saruji bali za watu wanaosubiri nje ya ofisi.

Wakazi wenyewe wanasikilizwa wapi? Kwa sheria, kila mahali. Katiba inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inaurudia. Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco iliyoamuliwa mwaka 2019, ilieleza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, wala si wa kutimiza wajibu tu. Hali ya mambo katika miji mingi ni nyingine. Tangazo hutokea gazetini kwa Kiingereza. Mkutano huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa mbele ya meza yenye kitambaa. Karatasi ya mahudhurio inapitishwa, mchoro unaonyeshwa ukutani kwa dakika chache, wazee watatu wanaozungumza katika kila mkutano wanazungumza, soda zinagawiwa. Jioni mchoro ni ule ule. Sahihi zilizo kwenye karatasi ya mahudhurio zinahesabiwa kuwa ridhaa.

Maktaba inatoa nafasi nzuri ya kufanya vinginevyo, kwa sababu watumiaji wake hawahitaji kuitwa, wameshaketi ndani. Swali linaweza kuulizwa mezani, kwa Kiswahili, Jumamosi, likamfikia hata mtoto wa darasa la nne. Majibu yanayopatikana kwa njia hiyo mara nyingi huwaangusha wabunifu, maana hayana makuu: choo kinachofungika, maji ya kunywa, soketi ya kuchajia simu, taa inayowaka jioni, mlinzi ili wasichana waweze kurudi nyumbani giza likiingia, na muda wa kufunga usogezwe mbele. Hakuna anayeomba jukwaa. Kuongeza saa mbili za jioni hakuhitaji hata tofali moja, ila kunahitaji mshahara wa mtu wa zamu, na mshahara ni gharama ya kila mwezi ambayo mfadhili wa ujenzi hulipa kwa nadra.

Eastlands kuna sababu nyingine ya watu kuwa na tahadhari. Mitaa ya zamani ya baraza la jiji imo katika mipango ya kujengwa upya kwa maghorofa, na Pangani nyumba za zamani zimeshabomolewa kupisha majengo marefu. Kwa mpangaji aliyekaa nyumba moja tangu enzi za wazazi wake, neno “ukarabati” limekwisha kuchukua maana ya “jiandae kuhama”. Watu wakija na tepu ya kupimia, hata kama wanapima dirisha la maktaba, uvumi unawatangulia kufika sokoni. Anayetaka kukarabati maktaba katika mtaa wa namna hiyo lazima aseme mapema, tena kwa maandishi, mambo matatu: ardhi inabaki ya nani, kuingia kutakuwa kwa kiasi gani, na nani atakuwa na ufunguo makubaliano yakimalizika.

Jengo kuu la Barabara ya Banda ni kazi ya ukubwa tofauti. Ni urithi unaolindwa, kwa hiyo hata kutoboa ukuta kwa ajili ya lifti kunahitaji ruhusa, na bila njia nyingine ya kupandia, zile ngazi za kifahari humwacha mtu wa kiti cha magurudumu barabarani pamoja na simba. Vitabu lazima vihamishwe kabla paa halijaguswa, na haviwezi kuhamishwa kabla ya kuorodheshwa. Kisha kuna jina. Wapo wanaoona ajabu kwamba maktaba ya umma ya jiji huru bado inaitwa kwa jina la mlowezi, na wapo wanaosema jina libaki kama kovu, watoto wapate kuuliza. Jina hilo limo katika sheria ya mwaka 1938, ambayo bado ni miongoni mwa sheria za Kenya, na kulibadilisha ni kazi ya Bunge. Upande wa Eastlands jambo hilo halimsumbui mtu. Tawi huitwa maktaba ya Kaloleni, basi, na swali linaloulizwa mlangoni ni kama kuna kiti.